Sheria Ndogo, Kishindo Kikubwa

Tarehe 28 Mei 2014, ukumbi wa baraza la jiji la Houston, Texas, ulijaa watu. Kwa saa nyingi wakazi walishika kipaza sauti mmoja baada ya mwingine, hawa wakiunga mkono, wale wakipinga. Kura zilipohesabiwa, 11 zilikuwa za ndiyo na 6 za hapana. Jiji la nne kwa ukubwa nchini Marekani likawa limepata sheria ndogo inayokataza kumnyima mtu kazi, nyumba au huduma kwa misingi 15: rangi, kabila, taifa alikotoka, dini, umri, ulemavu, ujauzito, ndoa, utumishi wa jeshini na mingineyo. Miwili kati ya hiyo 15 ndiyo iliyowasha moto. Ilihusu wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia.

Meya Annise Parker, aliyeisukuma sheria hiyo, alikuwa anaishi waziwazi na mke wake. Alipochaguliwa mwaka 2009, hakuna jiji la Marekani la ukubwa huo lililowahi kumpa umeya mtu aliyejitambulisha hadharani hivyo. Angetarajiwa kuwa na nguvu ya kuilinda sheria yake. Miezi 17 tu baada ya kura ile, wapiga kura waliifuta.

Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa akisikia habari za sheria ndogo, akili yake hukimbilia ushuru wa soko, taka, maegesho ya magari na wamachinga. Marekani nako mabaraza ya miji hushughulika na mambo hayohayo. Lakini tangu miaka ya 1970 yamejitwika mzigo mwingine: kuamua kama mtu anaweza kufukuzwa kazi au kutolewa vyombo nje kwa sababu ya anayempenda, au kwa sababu anaishi kama mwanamke ilhali alizaliwa akaandikwa mwanamume.

Mzigo huo uliangukia miji kwa sababu wakubwa hawakuutaka. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, iliyopitishwa baada ya Wamarekani weusi kupigwa, kufungwa na kuuawa wakiidai, ilikataza ubaguzi kazini kwa misingi ya rangi, dini, jinsia na taifa la asili. Wapenzi wa jinsia moja hawakutajwa. Kwa miongo mingi iliyofuata, karani aliyegundulika anaishi na mwanamke mwenzake aliweza kuambiwa asirudi kazini Jumatatu, na wakili wa kweli angemwambia kwamba katika sehemu kubwa ya nchi hana kesi. Bunge la Washington lilikaa kimya. Wale ambao vibarua vyao viliota nyasi wakaenda kwa diwani, kiongozi anayekaa mtaa wa pili.

East Lansing, mji wa chuo kikuu huko Michigan, ulianza mwaka 1972 kwa kukataza ubaguzi wa aina hiyo katika ajira za mji wenyewe. Jirani yake Ann Arbor ikafuata mwaka huohuo kwa sheria pana zaidi. Minneapolis, kaskazini mwa nchi, kwenye jimbo la Minnesota, ikaenda mbali kuliko wote: Desemba 1975 iliandika sheria yake kwa maneno yaliyowakinga pia watu waliobadili jinsia, jambo ambalo hakuna mji mwingine Marekani uliokuwa umelifanya. Ilichukua miaka 18 kabla jimbo lolote halijafanya hivyo. Lilikuwa Minnesota yenyewe, mwaka 1993.

Utendaji wa sheria hizi hauna mbwembwe. Anayeona amebaguliwa hupeleka malalamiko kwenye ofisi ya haki za kiraia ya mji. Afisa huchunguza, huwasikiliza mwajiri au mwenye nyumba, na mara nyingi hujaribu kwanza kuwapatanisha. Ikishindikana, hufuata faini au baraza la usikilizaji. Houston waliweka ukomo wa faini kuwa dola 5,000, na taasisi za dini ziliachwa nje. Kwa kampuni yenye wanasheria wa kudumu hizo ni fedha za chai. Kwa mpangaji aliyenyimwa chumba, ni mahali pa kwenda kusema neno lake likaandikwa kwenye faili la serikali. Hilo si dogo, na wanaolidharau mara nyingi hawajawahi kulihitaji.

Upinzani ulipata umbo lake Florida. Januari 1977 kaunti ya Dade, yenye jiji la Miami, ilipitisha sheria ya kuwakinga wapenzi wa jinsia moja. Mwimbaji Anita Bryant, aliyejulikana nchi nzima kwa matangazo ya juisi ya machungwa ya Florida, akaongoza kampeni ya kuifuta kwa hoja kwamba watoto wako hatarini. Tarehe 7 Juni wapiga kura waliifuta kwa takriban asilimia 69. Mwaka uliofuata moto ukasambaa: St. Paul, Wichita na Eugene zikafuta zao kwa kura ya wananchi. Seattle pekee, Novemba 1978, iligoma, wakazi wake wakaibakisha sheria yao kwa wingi mkubwa. Dade ilisubiri hadi Desemba 1998 ndipo makamishna wake waliporudisha kinga ile, kwa kura 7 dhidi ya 6. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 40 kaunti ilipompokonya haki yake, aliipata tena akiwa na miaka 61.

Kwenye kura hizi kuna jambo linalotia uchungu. Hakuna anayeitisha kura ya wananchi kuamua kama Mkatoliki aruhusiwe kupanga nyumba, au kama mlemavu ahudumiwe mgahawani. Watu wa kundi moja dogo ndio waliosimamishwa mara kwa mara mbele ya majirani zao wapigiwe kura, na idadi yao ndogo ikawa ndiyo sababu ya kushindwa.

Houston ilirudia hadithi ya Dade kwa wimbo mpya. Ni kweli jiji lenyewe lilijikwaa: mwaka 2014, katika kesi iliyofunguliwa na wapinzani wa sheria, mawakili wake walidai wachungaji watano watoe hotuba zao za kanisani kama ushahidi. Hasira ilienea hata miongoni mwa waliounga mkono sheria, na Parker akayaondoa madai hayo. Lakini makovu yalibaki. Julai 2015 Mahakama ya Juu ya Texas iliamuru baraza liifute sheria au liipeleke kwa wananchi. Baraza likaipeleka kwa wananchi.

Ndipo vyoo vikaingia. Bango, redio, televisheni, yote yalisema jambo moja: wanaume wasiingie vyoo vya wanawake. Tangazo moja la televisheni lilionyesha mwanamume akimfuata msichana mdogo chooni. Mchezaji maarufu wa zamani wa besiboli wa Houston, Lance Berkman, alijitokeza akiwazungumzia mabinti zake. Misingi mingine 13, ule wa rangi, wa wajawazito, wa wanajeshi waliorudi vitani, haikusikika tena. Tarehe 3 Novemba 2015, asilimia 61 walisema hapana.

Hofu ya mzazi ni hofu ya kweli na inastahili jibu. Jibu lilikuwepo. Kumvizia au kumshambulia mtu chooni kulikuwa kosa la jinai kabla ya sheria ile, na kulibaki kosa la jinai chini yake. Zaidi ya hapo, Minneapolis ilikuwa imeishi na kinga ya namna hiyo kwa karibu miaka 40. Kama hatari iliyotangazwa Houston ingekuwa inaletwa na sheria, Minneapolis ingekuwa imeshaiona zamani na kuifuta sheria yake. Haikufanya hivyo. Walioongoza kampeni ya kuitetea sheria walichelewa kuyasema haya kwa sauti, wakawaachia wapinzani uwanja.

Kuna waliopoteza kura hiyo bila kujua walikuwa na kitu cha kupoteza. Houston ni miongoni mwa miji ya Marekani iliyopokea wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongomani wanaozungumza Kiswahili nyumbani na kanisani. Sheria iliyofutwa ilimkinga mtu kwa misingi ya rangi na taifa alikotoka. Sheria za Washington zinamlinda pia kwa hayo, lakini njia ya kuzifuata ni ndefu. Ofisi ya jiji ingekuwa safari ya basi moja.

Texas waliitumia kura ya wananchi kuiua sheria. North Carolina walikuja na chombo kingine, chenye kasi zaidi. Februari 2016 baraza la jiji la Charlotte lilipitisha kinga kwa kura 7 kwa 4, ianze tarehe 1 Aprili. Haikufika tarehe hiyo. Machi 23 bunge la jimbo liliitwa kwa kikao maalumu, likatunga, likajadili na kupitisha muswada siku hiyohiyo, na Gavana Pat McCrory akautia saini usiku. Sheria hiyo, iliyojulikana kama HB2, iliwataka watu watumie vyoo vya shule na majengo ya serikali kwa kufuata jinsia iliyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, na ikayanyang'anya miji yote ya jimbo uwezo wa kutunga kinga pana kuliko ya jimbo. Ndani yake mlichomekwa pia katazo la miji kuwapangia waajiri binafsi kima cha chini cha mshahara. Vyoo vilitangulia mbele, mshahara ukapita nyuma.

Bei yake ilionekana haraka. PayPal ilifuta mpango wa kufungua ofisi Charlotte, na nafasi 400 za kazi zikapotea. Mwanamuziki Bruce Springsteen alifuta tamasha lake la Greensboro. Ligi ya NBA iliuhamishia New Orleans mchezo wa nyota wa mwaka 2017. Shirika la habari la AP lilikadiria kwamba jimbo lingepoteza zaidi ya dola bilioni 3.76 katika miaka 12. Novemba 2016 McCrory alishindwa uchaguzi kwa kura takriban 10,000, siku ambayo Donald Trump, wa chama chake, alishinda jimbo hilohilo.

Machi 2017 HB2 ilifutwa, lakini kwa masharti: miji haikuruhusiwa kutunga kinga mpya hadi Desemba 2020. Ilisubiri. Januari 2021 Hillsborough, Carrboro, Durham, Chapel Hill na Greensboro zilipitisha sheria zao ndani ya wiki chache. Charlotte ilifuata Agosti mwaka huo. Safari hii orodha yake ilikuwa na kipengele ambacho mama yeyote wa Kiafrika angekielewa bila kuelezwa: mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya kubakia na nywele zake za asili.

Simulizi hizi zote zikiachwa peke yake, msomaji angedhani dini na sheria hizi ni paka na panya. Salt Lake City inakanusha. Ndiyo makao makuu ya kanisa la Wamormoni, ambalo waumini wake walichangia fedha nyingi mwaka 2008 kupinga ndoa za jinsia moja huko California. Waandamanaji walizingira hekalu. Mwaka uliofuata, viongozi wa kanisa na wanaharakati walianza kukutana faraghani, kimya kimya. Tarehe 10 Novemba 2009, sheria ndogo ya kukataza ubaguzi kazini na kwenye nyumba ilipofika mbele ya baraza, msemaji wa kanisa, Michael Otterson, alisimama na kuiunga mkono. Ilipita bila kupingwa. Kanisa halikubadili mafundisho yake kuhusu ndoa. Lilisema tu kwamba mtu asikose paa wala riziki. Miji mingine ya Utah ikaiga, na Machi 2015 jimbo zima, moja ya majimbo ya kihafidhina kabisa Marekani, likapata sheria yake. Haigusi huduma za madukani na migahawani, na upungufu huo ni mkubwa. Hata hivyo ilizaliwa mezani, na haijahitaji kupiganiwa kila uchaguzi.

Mahakama ya Juu ya Marekani imeingilia mara mbili zenye uzito. Wapiga kura wa Colorado walipobadili katiba ya jimbo mwaka 1992 ili kufuta kinga za Denver, Boulder na Aspen na kuzuia nyingine zisitungwe, mahakama iliyabatilisha mabadiliko hayo mwaka 1996 kwa kura 6 kwa 3. Tarehe 15 Juni 2020, kwa hesabu hiyohiyo, iliamua kwamba neno jinsia katika sheria ya 1964 linawahusu pia wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia. Miongoni mwa walalamikaji alikuwa Aimee Stephens, aliyefukuzwa na kampuni ya mazishi ya Michigan baada ya kuwaarifu kwamba ataanza kuja kazini kama mwanamke. Alifariki mwezi mmoja kabla ya hukumu.

Hukumu hiyo inahusu ajira, tena kwa waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi. Saluni ya watu wanne haimo. Na sheria ya taifa kuhusu huduma za hotelini na mgahawani haitaji jinsia kabisa, kwa hiyo hakuna neno la kulitafsiri upya. Mapengo hayo ndiyo yanayozibwa na sheria ndogo, pale majimbo yanapoziacha ziwepo. Tennessee ilizipiga marufuku mwaka 2011, Arkansas mwaka 2015. Fayetteville, mji wa Arkansas ambao wakazi wake waliipigia kura sheria yao wenyewe na kuikubali, iliona Mahakama ya Juu ya jimbo ikisema mwaka 2017 kwamba hawakuwa na mamlaka hayo.

Mwaka 2025 Iowa ilifanya jambo ambalo hakuna jimbo lililolifanya kabla yake: iliondoa utambulisho wa kijinsia kwenye sheria yake ya haki za kiraia, baada ya kipengele hicho kukaa humo tangu 2007. Mabadiliko yalianza kutumika Julai 1. Siku hiyo Iowa City ilikuwa na sheria ndogo yake, iliyowataja watu waliobadili jinsia tangu miaka ya 1990. Mpangaji wa namna hiyo aliyekataliwa chumba mjini humo bado aliweza kwenda kulalamika kwenye ofisi ya mji. Mwenzake wa vijijini, nje ya mpaka wa mji, sheria ya jimbo haikumtambua tena.