KARATASI YA KARIAKOO ILIYOUA INJINI YA DOGO

Leo sizungumzii mapenzi wala mishono ya vitenge. Nawaletea kasheshe iliyotokea nyumbani kwetu Ilala, na nawaomba wenye kaka, mume au mchumba anayeendesha bodaboda wamsomee kwa sauti.

Mdogo wangu ana pikipiki ya Kichina ya cc 125, aliyonunuliwa na mama kwa fedha za upatu. Kijiwe chake ni Kariakoo, karibu na Msimbazi. Siku moja akaja kunibembeleza.

"Dada, hii pikipiki imefungwa gavana toka kiwandani. Washikaji zangu wote wameshafungua. Mie peke yangu ndo naachwa kama guta!"

Eti kuna duka wanauza CDI ya mashindano, yaani kile kiboksi cheusi kinachoamuru plagi ipige cheche saa ngapi. Ukikifunga hicho, pikipiki inaruka. Bei elfu arobaini.

Mie si fundi, nimeishia kidato cha nne, lakini hela yangu haiondoki hivi hivi. Nikaenda naye dukani. Muuzaji wala hakubishana na mimi. Alitoa karatasi iliyovishwa plastiki, akaiweka kaunta.

"Dada yangu, huu ni ushahidi wa kompyuta."

Ilikuwa na mistari miwili. Wa bluu ni kiboksi cha zamani, wa nyekundu ni kipya. Bluu ulipanda, ukafika mahali ukaporomoka wima kama ukuta. Nyekundu ukaendelea mbele zake. Nikaona nyekundu mrefu, nikatoa hela. Cha maana nilichofanya siku hiyo ni kuipiga picha ile karatasi kwa simu.

JANGWANI USIKU WA MANANE

Siku ya nne, saa tano usiku, dogo alikuwa anatoka Fire anateremkia Jangwani. Barabara nyeupe. Akakamata gia ya tatu, akavuta mafuta mpaka injini ikalia kama nyuki waliochokozwa. Mara, kaa! Kimya. Tairi la nyuma likakaza, akayumba. Lori lililokuwa nyuma yake likampita kwa upana wa kiganja. Alifika nyumbani saa saba, anasukuma pikipiki, miguu inatetemeka. Mama hakusema neno. Alimmwagia maji ya kunywa kwenye kikombe, akaingia ndani akafunga mlango.

Asubuhi tukaikokota mpaka Gerezani, kwa mzee mmoja aliyezeekea kwenye spana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba wanangu. Mmeiua wenyewe au imekufa?"

Alipofungua kichwa cha injini tukaona wenyewe. Valvu imepinda, na pistoni ina alama ya kugongwa juu.

GAVANA LIPI?

Mzee akatueleza kwamba gavana ziko za aina mbili, na vijana wanazichanganya. Ya kwanza inahesabu kilometa, ndiyo kidhibiti mwendo. Kenya, kwa mfano, mwaka 2004 waziri wao John Michuki aliwabana wenye matatu wafunge vidhibiti vya kilometa 80 kwa saa. Pikipiki kubwa zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilikuwa zinafungwa kilometa 180. Hata Suzuki Hayabusa, iliyotoka 1999 ikapita kilometa 300, iliwafanya watengenezaji wakubwa wakubaliane kuishia kwenye 300.

Ya pili haijui kilometa. Inahesabu injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Ikizidi, inakata cheche.

"Hii ya kwenu haikuwa na gavana ya kilometa hata siku moja," mzee akasema. "Mwendo wake unazuiwa na udogo wa injini, meno ya sproketi na upepo. Mlichofungua ni mlinzi wa injini."

Injini za namna hii ni ukoo wa Honda CG125 iliyoanza 1976. Valvu zake zinasukumwa na fimbo ndefu na kurudishwa na springi. Injini ikizunguka kupita kiasi, springi haiwahi. Valvu inabaki imening'inia, pistoni inapanda, zinakutana. Ndiyo ile kaa!

KUMBE KARATASI ILISEMA KWELI

Nikamwonyesha ile picha ya simu. Mzee akavaa miwani, akacheka mpaka akakohoa. Kumbe karatasi haikudanganya, ni sie hatukujua kuisoma!

Karatasi kama ile inatoka kwenye mashine iitwayo dainamomita. Pikipiki inafungwa mikanda isikimbie, tairi la nyuma linakaa juu ya pipa zito la chuma. Fundi anavuta mafuta, tairi linazungusha pipa, na kompyuta inapima pipa limeshika kasi upesi kiasi gani. Hapo ndipo inapata nguvu farasi. Farasi mmoja ni sawa na wati 746.

Sasa basi, ukiletewa karatasi ya hivyo, angalia haya.

Kwanza, angalia kilele, usiangalie urefu. Kwenye picha yangu, mistari yote miwili ilifika kileleni pale pale, mizunguko 7,500 kwa dakika. Bluu ulikatwa baadaye, wakati nguvu imeshaanza kushuka. Nyekundu uliendelea mbele, ndiyo, lakini ukiteremka! Tulinunua mteremko.

Hesabu yake ni hii. Chukua nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa Newton mita, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, gawa kwa 7,121. Tuseme injini ina Newton mita 10 kwenye mizunguko 7,500: unapata farasi 10 na nusu. Ikifika mizunguko 9,000 imebaki na Newton mita 7, unapata pungufu ya farasi 9. Kelele zimeongezeka, nguvu imepungua.

Pili, angalia namba za pembeni zinaanzia wapi. Zetu zilianzia 6 badala ya sifuri, basi tofauti ya nusu farasi ikaonekana kama ghorofa na kibanda.

Tatu, uliza ni pikipiki gani na gia gani. Pikipiki kubwa yenye gavana ya kilometa ikipimwa kwa gia ya mwisho, inaweza kukatwa kabla haijafika kileleni. Hapo karatasi itaionea, itaiita dhaifu. Ndiyo maana mafundi hushusha gia, ili injini ifike kileleni kabla ya mwendo kufika kwenye kizuizi.

Nne, usione umetapeliwa kama kitabu kinasema farasi 12 na mashine inasema 10. Kitabu kinahesabu kwenye injini, mashine inahesabu kwenye tairi. Gia na cheni zimekula chao njiani, na hewa ya joto kama ya Dar nayo inapunguza.

MWENDO WENYEWE WA NINI?

Tena upepo hauna huruma. Kutoka kilometa 90 kwenda 100 kwa saa, nguvu ya kuupasua tu inaongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Kiboksi cha elfu arobaini hakikupi hiyo. Na sheria ya usalama barabarani ya 1973 inasema kilometa 50 kwenye makazi ya watu. Ukiwa 50 unakwenda mita 14 kila sekunde, ukiwa 80 unakwenda 22, na breki inahitaji umbali wa mara mbili na nusu. Pale Msimbazi kuna mama na beseni la maembe, mtoto wa shule na mkokoteni. Hizo mita utazitoa wapi?

Pikipiki imepona. Kiboksi cha zamani kimerudi mahali pake, na mama amecheza upatu mwingine kulipia valvu na pistoni. Dogo analipa kidogo kidogo, buku mbili kila jioni, na anampa mama mkononi bila kumtazama usoni. Mie nami nachangia, maana dogo aliomba tu, aliyetoa hela ni mie.

Haya, kwa leo yatosha. Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda, na dereva wako ukimwambia "pole pole kaka", usione haya.