Unga wa Kopo na Samaki wa Pwani: Chakula cha Mtunisha Misuli Anayeanza

Katika Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje au mjini Lindi si ajabu kumkuta kijana nyuma ya nyumba akinyanyua vyuma ambavyo, kwa kweli, ni makopo mawili yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Vyombo hivyo havina ila kubwa, kwani msuli hautambui kama uzito ni wa saruji au wa chuma. Taabu huanza pale wenzake wanapomwambia kuwa jasho lake litapotea bure asiponunua unga wa kopo. Kopo moja laweza kumeza mapato yake ya siku nyingi, na mara nyingi mnunuzi hajui kilichomo ndani. Hapana budi basi kueleza mwili unahitaji nini, na kipi kati ya hicho hakipatikani sokoni kwake.

Msuli umejengwa kwa nyuzi nyembamba za protini. Uzito unapouvuta msuli kwa nguvu, chembe hai zake hupata ishara ya kutengeneza protini mpya, na kazi hiyo huendelea kwa siku moja au mbili baada ya mazoezi. Malighafi yake ni asidi za amino. Ziko 20, na 9 kati yake mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza, sharti ziliwe. Bila ya mazoezi protini ya ziada haimjengi mtu misuli, bali huchomwa kama kuni au hugeuzwa kuwa mafuta.

Mtu asiyefanya mazoezi hutosheka na gramu 0.8 hivi za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mnyanyua vyuma, uchunguzi mwingi uliojumlishwa na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa faida hukoma karibu na gramu 1.6. Kijana wa kilo 60 atahitaji basi gramu 96. Hesabu hiyo yaweza kutimizwa hivi: dagaa wakavu gramu 50, wale wavuliwao usiku kwa taa, humpa protini kama gramu 30, maana zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, samaki mbichi gramu 200 humpa kama 40, kikombe cha mbaazi zilizopikwa 11, na ugali wa unga wa mahindi gramu 200 humpa kama 16. Jumla ni 97, na yai halijaguswa bado, wala pweza wa Songosongo.

Mkoa wa Lindi una bahati nyingine isiyotajwa sana. Mbaazi zina wingi wa asidi ya amino iitwayo lisini lakini zina upungufu wa methionini; ufuta, zao kubwa la mkoa huohuo, una methionini kwa wingi na lisini kidogo. Vikiliwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Jambo hili lina uzito zaidi kwa mlaji wa muhogo. Muhogo wenyewe una protini ndogo mno, kama gramu moja tu katika gramu 100. Na ule mchungu usiposindikwa vizuri, mwili hutumia asidi za amino zenye salfa, methionini ikiwamo, ili kuiondoa sumu ya sianidi. Anayekula muhogo kavu kutwa kisha akanunua kopo ameanzia mwisho.

Unga wenyewe unaouzwa zaidi ni protini ya maji ya maziwa, yaani yale yanayobaki baada ya jibini kugandishwa. Zamani viwanda viliyahesabu kuwa taka. Ni chakula kizuri. Kijiko chake kikubwa hutoa gramu 20 hadi 25 za protini, sawa na kipande cha samaki cha gramu 120 hivi. Anayetaka kulinganisha bei na agawanye bei ya kopo kwa jumla ya gramu za protini zilizomo, kisha afanye vivyo hivyo kwa dagaa.

Kreatini ni habari tofauti. Wavuvi wanapoisukuma ngalawa ufukweni kwa pamoja, nguvu ya sekunde chache za kwanza hutoka katika akiba iliyo tayari ndani ya msuli, na kreatini ndiyo inayoijaza upya akiba hiyo upesi. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliigundua katika nyama mwaka 1832. Mwili hutengeneza kama gramu moja kwa siku, na samaki huongeza; lakini kupata gramu 3 hadi 5, kipimo kinachojaza misuli, kungehitaji karibu kilo nzima ya samaki kila siku. Hapa kopo lina hoja. Kipimo hicho kidogo kikitumiwa kila siku kwa mwezi mmoja hivi hutosha. Aina rahisi ya kreatini monohidrati haijapitwa na zile za bei kubwa. Kilo moja au mbili zinazoongezeka mwanzoni ni maji zaidi kuliko nyama.

Hatari iko katika kisichoandikwa kwenye lebo. Wanakemia wa Cologne, Ujerumani, walipopima bidhaa 634 kutoka nchi 13 katika miaka ya 2000 na 2001, walikuta 94 zina viasili vya homoni visivyotajwa popote. Unga unaoahidi misuli kwa wiki mbili hustahili shaka zaidi kuliko wote. Nchini Tanzania usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango mwaka 2019, na kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho ni afadhali libaki dukani.

Mwezi wa Ramadhani hauharibu mpango huu. Protini hugawanywa kati ya futari, chakula cha usiku na daku. Mazoezi mazito huwekwa baada ya kufuturu, maji yakishanywewa. Kreatini hunywewa saa yoyote ya usiku. Mwenye ugonjwa wa figo asiitumie bila ya daktari. Na hata aliye mzima, akienda kupimwa damu hospitali, amwarifu mganga kwamba anaitumia, kwani kreatini huvunjika na kuwa kreatinini, na kipimo hicho kikipanda figo zaweza kudhaniwa zina ugonjwa hali hazina.