Mtihani wa aljebra linea: jipime mwenyewe mbele profesa hajakupima

Sesio ikikaribia mjini Kindu, kwenye Chuo Kikuu cha Kindu (UNIKI), kwenye ISP na kwingineko, kuna somo ambalo linanyima wanafunzi wengi usingizi: aljebra linea. Anayesoma hesabu, fizika, informatika, uinjinia ao uchumi anaweza kukutana nalo tangu mwaka wa kwanza. Wazazi wengi wanasikia jina hilo mara ya kwanza siku mtoto anarudi nyumbani na kusema atapitia sesio ya pili.

Na hiyo si maneno ya kuchekea. Katika mfumo wa LMD, ambao vyuo vya Congo vilianza kuingia tangu mwaka wa masomo 2021-2022, mwaka mmoja unabeba kredi 60, na kila somo liko na kredi zake. Asiyefikisha 10 juu ya 20 anaweza kuburuta somo hilo kwa muda mrefu. Huku nyumbani, mama ameuza mchele ao mafuta ya mawese ili alipe minervali, na hana nyingine ya kulipa mara ya pili.

Lakini somo hili liko na uzuri mmoja ambao wengi hawautumie. Karibu kila jibu la hesabu yake, mwanafunzi mwenyewe anaweza kulihakikisha: bila profesa, bila intaneti, bila kitabu cha majibu. Kwenye mji ambamo umeme si wa kutegemea na megabaiti ni za kuhesabu, hiyo ni silaha kubwa.

Somo lenyewe linauliza nini?

Tuchukue mfano wa sokoni, kwa bei za kubuni. Mtu wa kwanza ananunua makopo 2 ya mchele na chupa 1 ya mawese, analipa franka 4 000. Wa pili ananunua kopo 1 na chupa 3, analipa franka 7 000. Kopo ni bei gani, na chupa ni bei gani? Jibu: kopo ni franka 1 000, chupa ni franka 2 000. Namna ya kuhakikisha: rudisha namba hizo kwenye manunuzi yote mawili. Makopo mawili ni 2 000, ongeza chupa moja ya 2 000, inatoka 4 000. Kopo moja ni 1 000, ongeza chupa tatu za 6 000, inatoka 7 000. Imekubali.

Sasa, kama mtu wa pili angenunua makopo 4 na chupa 2 kwa franka 8 000? Huyo amerudilia tu manunuzi ya wa kwanza mara mbili. Hatukupata habari mpya, na bei zinazowezekana ni nyingi bila mwisho. Na kama angelipa 9 000 kwa vitu vile vile, basi maneno ya hao wawili yanapingana, na jibu hakuna. Jibu moja, majibu mengi bila mwisho, ao hakuna jibu: aljebra linea haina njia ya nne. Determinanti, ambayo inaogopesha wengi, kazi yake kubwa iko hapo. Katika mfano wa kwanza ni 2 mara 3, kutoa 1 mara 1, inatoka 5. Haiko sifuri, kwa hiyo jibu ni moja tu. Katika mfano wa pili ni 2 mara 2, kutoa 1 mara 4, inatoka sifuri.

Wazo hili si la jana. Kitabu cha hesabu cha Wachina wa kale, chenye umri wa miaka karibu 2 000, kinapanga namba kwenye meza na kuziondoa moja moja ili kutafuta kipimo cha nafaka kwenye matita ya mavuno. Njia hiyo ni ndugu wa ile ambayo leo inaitwa kwa jina la Mjerumani Gauss, na ambayo wanafunzi wanaiita « pivoti ». Wakulima na wachuuzi walikuwa na swali hili mbele vyuo vikuu kuzaliwa.

Kosa la kusoma silabusi kama gazeti

Kuna maneno ambayo yanasikika sana kisha matokeo kutoka: « Kwenye ubao nilikuwa naelewa vizuri. » Na ni kweli, alielewa. Lakini kuelewa mkono wa asistenti na kutumia mkono wako mwenyewe ni vitu viwili. Anayesoma silabusi mara tatu amelala kwenye mkeka bila kushika kalamu, hajajitayarisha. Anayefunika jibu la mfano, akaufanya kwenye karatasi, kisha akafunua na kulinganisha, huyo ndiye anasoma.

Hata hivyo, kuna vitu vya kushika kwa kichwa neno kwa neno, navyo ni tafsiri za maneno makubwa. Tuchukue uhuru wa vekta. Vekta ziko huru kama njia pekee ya kuzichanganya ili zitoe sifuri ni kuweka sifuri mbele ya kila moja. Wengi wanaandika kinyume: « tukiweka sifuri mbele ya kila moja, tunapata sifuri ». Hiyo ni kweli kwa vekta zozote duniani, kwa hiyo haihakikishi kitu. Tofauti ya maneno machache, na pointi za swali zima zimeenda.

Hakikisho tano za kubeba

Ya kwanza: ukimaliza sistemu kwa pivoti, rudisha jibu ndani ya ekwesho za mwanzo, si zile ulizobadilisha njiani. Kama ulikosea njiani, za njiani zitakudanganya.

Ya pili: ukitafuta matrisi ya kinyume, izidishe na ile ya mwanzo. Lazima itoke matrisi yenye 1 kwenye mshazari na sifuri kwingine kote. Na ukumbuke kwamba matrisi hazizidishwi ovyo: A mara B mara nyingi si sawa na B mara A.

Ya tatu: ukihesabu determinanti kwa kufuata mstari mmoja, ihesabu tena kwa kufuata mstari mwingine. Lazima zilingane. Alama ya kutoa ndiyo inaangusha wengi. Na ukibadilishana mistari miwili, determinanti inageuza alama.

Ya ine: hesabu ya nguzo. Idadi ya pivoti, ukiongeza ukubwa wa kiini cha matrisi (kwa Kifaransa « noyau »), lazima itoke idadi ya nguzo. Matrisi ya nguzo 5 yenye pivoti 3, kiini chake ni cha ukubwa wa 2. Ukipata 3, rudi nyuma, kuna kosa.

Ya tano: zile namba ambazo mtihani unaziita « valeurs propres ». Zikijumlishwa, lazima zitoe jumla ya mshazari. Zikizidishwa, zitoe determinanti. Matrisi yenye mistari (2, 1) na (1, 2) iko na jumla ya mshazari 4 na determinanti 3. Namba zake ni 1 na 3: jumla 4, mazao 3. Kisha zidisha matrisi na vekta (1, 1): inatoka (3, 3), yaani ile ile mara tatu. Hapo hakuna wa kukubishia.

Kupanga majuma matatu

Juma la kwanza, andika kwenye daftari tafsiri zote za maneno na ufanye pivoti kila siku, hata sistemu mbili tu, mpaka mkono uzoee. Pivoti ni mlango: nafasi ya matrisi, kinyume chake, kiini na uhuru wa vekta vinapitia humo.

Juma la pili, tafuta maswali ya miaka iliyopita kwa wakubwa wa promosio ya juu. Kaa chini masaa kamili ya mtihani, silabusi imefungwa, simu iko mbali. Swali likikukatala, liache wazi. Usikimbilie jibu la rafiki mara moja.

Juma la tatu, usianze kitu kipya. Kila kosa ulilofanya liandike kwenye ukurasa mmoja: alama, kunakili namba vibaya, kusahau sharti. Makosa ya mtu mmoja hayako mengi. Ni yale yale yanarudi.

Kwa kusoma kikundi, watu watatu ao wanne wanatosha. Mmoja aeleze kwa sauti, wengine wamkatize kwa kuuliza « kwa nini? » Anayekaa Alunguli na wenzake wako Kasuku ao Mikelenge, Lualaba iko katikati, mpange mchana ili asivuke usiku. Na wazazi nao waiko na kazi yao: masaa mawili ya mwangaza wa mchana bila kumtuma mtoto kisimani ao sokoni yanazidi usiku mzima wa tochi.

Siku yenyewe

Mwanafunzi asome maswali yote kwanza, aanze na lile analolimudu. Aandike kila hatua, juu asahihishaji wengi wanatoa pointi kwa njia hata kama namba ya mwisho imekosea. Abakishe dakika 20 za kuhakikisha. Akiona jibu halikubali na muda umeisha, aandike hivyo waziwazi: « hakikisho haikubali, kuna kosa la hesabu ». Hiyo inaonyesha anajua anachofanya, na ni bora kuliko kunyamaza.

Kuna faida moja tena. Mwanafunzi aliyehakikisha majibu yake anatoka kwenye auditoire akijua takriban amepata ngapi. Matokeo yakitoka mbali na hesabu yake, anaweza kuandika rekuru kwa heshima, akionyesha swali gani na hatua gani. Asiyejua alichoandika anabaki na manunguniko tu, na manunguniko hayaongeze pointi.