Managu ya Maabara na Managu ya Sahani

Ukinunua managu au saga katika soko la Chwele, Bungoma, au kwa mama mboga mjini Kitale, huenda ukaambiwa kuwa mboga hizi zinatibu kisukari. Dai hilo lina mzizi wa kweli. Lakini kutoka kwenye chupa ya maabara hadi kwenye damu ya mgonjwa ni safari ndefu, na wengi huiruka.

Maabarani, majani hukaushwa, husagwa, huloweshwa katika maji au methanoli, kisha kiowevu huvukizwa hadi libaki dondoo zito. Dondoo hilo huchanganywa na kemikali ya zambarau iitwayo DPPH. Zambarau ikififia na kuwa njano, ina maana mmea umezima radikali huru, yaani molekuli zilizopungukiwa elektroni ambazo hushambulia seli. Sukari ikizidi katika damu, radikali hizi huongezeka, na zinachangia kuharibu mishipa, macho na figo. Managu, saga na mboga nyingine ya kienyeji, mrenda, zina polifenoli, karotenoidi na vitamini C, kwa hiyo si ajabu rangi kufifia.

Jaribio la pili linagusa ugali moja kwa moja. Wanga wa mahindi hukatwakatwa na amilesi, kimeng'enya cha mate na kongosho, kisha glukosidesi ya utumbo mwembamba humalizia kazi na kutoa glukosi. Polifenoli nyingi huvizuia vimeng'enya hivi ndani ya chupa. Dawa ya kisukari iitwayo akarbosi hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Ila utumbo si chupa. Sehemu kubwa ya polifenoli haifiki kwenye damu, na kiasi kinachotumika maabarani kinaweza kuzidi mno kile kilicho kwenye sahani. Hata panya anayeshushwa sukari mara nyingi ameharibiwa kongosho kwa kemikali iitwayo aloksani. Ugonjwa wake haufanani na kisukari cha aina ya pili kilichomjia mtu mzima polepole kwa miaka.

Pia kukoleza kitu kizuri si lazima kukiboresha. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 1994 uliwapa vidonge vya beta-karotini baadhi ya wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, kwa matumaini ya kuzuia saratani. Badala yake, saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18 miongoni mwa waliovimeza. Ndiyo maana unga wa majani unaouzwa kwenye vikopo, bila kipimo wala majaribio kwa binadamu, unanitia hofu. Metformini, dawa ya kisukari, yenyewe ina asili katika mmea wa Ulaya, Galega officinalis, lakini ilipitia miongo ya kemia na kupima usalama kabla ya daktari Jean Sterne wa Ufaransa kuchapisha matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957.

Sahani, kwa upande wake, ina manufaa yasiyohitaji miujiza. Ute wa mrenda ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka; hufanya chakula tumboni kiwe kizito, na vyakula vyenye ute wa namna hii hupunguza kasi ya glukosi kuingia katika damu. Mboga ikijaza nusu ya sahani, tonge za ugali hupungua, na hapo ndipo sukari inaposhuka kwa uhakika zaidi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) amefanya kazi kwa miaka mingi kuzirudishia heshima mboga hizi zilizodharauliwa kama chakula cha maskini, na lishe iliyomo ndani ya mboga hizo pekee inatosha kuzitetea.

Upishi nao una uzito. Kuchemsha saga mara mbili na kumwaga maji hupunguza uchungu, lakini vitamini C huenda na maji. Musherekha, ule munyu wa majivu ambao Wabukusu hulainishia mrenda, ni alkali inayoharakisha kuvunjika kwa vitamini hiyo. Tumia kidogo, na upike kwa muda mfupi. Mwenye figo zilizodhoofika, jambo la kawaida kwa waliougua kisukari kwa muda mrefu, awe mwangalifu zaidi: majivu na mboga za kijani vina potasiamu nyingi, na figo dhaifu hushindwa kuiondoa.

Anayetumia insulini au vidonge asiviache kwa sababu ya mboga. Akipunguza ugali ghafla huku kipimo cha dawa kikibaki kilekile, sukari inaweza kushuka mno: kutetemeka, jasho jingi, kuchanganyikiwa. Alambe sukari au anywe soda yenye sukari papo hapo, kisha aende kliniki dawa ipimwe upya kulingana na mlo wake mpya.