Laptopu mpya inakwaruza? Ipime kabla hujavuka mpaka

NDUGU zetu waliorejea kutoka kambi za Nyarugusu na Nduta, pamoja na wafanyabiashara wanaopita Kobero na Mugina, siku hizi hawabebi vitenge, mchele na sabuni tu. Katika mizigo yao mara nyingi utakuta pia kompyuta mpakato, au laptopu kama wengi wanavyoiita. Mmoja anampelekea mwanawe aliye chuoni, mwingine anaitaka kwa kibanda chake cha kuweka nyimbo kwenye flashi, na mwingine anainunua ili aiuze tena.

Mashine inang'aa na nailoni yake bado haijabanduliwa. Lakini ukifungulia wimbo, spika zinakwaruza kama redio iliyopoteza stesheni. Hapo ndipo hasara huanza, na mara nyingi hailetwi na mikwaruzo yenyewe bali na kukisia. Mikwaruzo ina asili mbili: ama kifaa ni kibovu, ama programu zinazopeleka sauti zina kasoro. Ya kwanza haitibiwi kwa programu, na ya pili haitibiwi kwa bisibisi. Mnunuzi anayeweza kuzitofautisha akiwa bado upande wa duka huokoa pesa, nauli na siku zake.

Wateja wawili, hasara mbili

Katika kazi yangu ya ufundi nimepokea mashine nyingi za namna hii. Nitataja mbili tu. Mama mmoja mfanyabiashara aliniletea laptopu ambayo fundi mwingine alikuwa ameshaibadilishia spika zote mbili.

"Fundi, nimelipia spika mpya na bado inakwaruza," aliniambia.

Nilipochomeka hedifoni, mikwaruzo ilisikika humo humo. Spika zake za mwanzo hazikuwa na kosa lolote. Kilichokuwa kibovu ni draiva ya sauti, yaani ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuzungumza na chipu ya sauti. Pesa ya spika ilikwenda bure, na kwa kuwa mashine ilikuwa imeshafunguliwa, muuzaji alikataa kuipokea.

Kijana mmoja aliyerejea nyumbani alifanya kinyume. Alifuta Windows na kuipakia upya mara tatu, huku siku zikipita. Duka lilikuwa limempa siku saba za kurudisha, naye alifika kwangu siku ya kumi na mbili. Utando wa spika ya kushoto ulikuwa umechanika, na hakuna programu inayoshona spika.

Sauti inavyosafiri

Wimbo ndani ya kompyuta ni namba tupu. Kwa kawaida kila sekunde ya sauti huwa na namba 44,100 au 48,000 kwa kila upande. Windows huzipeleka kwa mafungu madogo, kila fungu likiwa kwa kawaida la milisekunde 10, yaani mafungu 100 kwa sekunde. Chipu huzigeuza kuwa umeme, amplifaya huuongezea nguvu, kisha koili na sumaku ya spika hutikisa utando mwembamba, nasi tukasikia.

Fungu moja likichelewa, hubaki pengo, na sikio hulisikia kama kitu kinachopasuka. Ucheleweshaji huo unaweza kuletwa na draiva yoyote inayoishikilia prosesa kwa muda mrefu mno, hata ile ya waifai. Ndiyo maana mashine mpya yenye kasi nayo inaweza kukwaruza. Kwa upande mwingine, utando ukichanika, uchafu ukiingia, au skrubu ikilegea kwa mitikisiko ya barabarani, namba zitafika salama lakini spika itakoroma.

Vipimo vya robo saa

Vipimo hivi vifanyie dukani, mbele ya muuzaji, kabla hujahesabu noti.

Kwanza, njoo na wimbo wako kwenye flashi, wimbo unaoujua vizuri na ambao umeusikiliza kwenye simu ukaukuta safi. Usipime kwa wimbo unaotoka kwenye intaneti, kwani mtandao ukisuasua utailaumu mashine bure. Aidha, hakikisha programu ya muziki haijapandishwa kupita asilimia 100. VLC, kwa mfano, huruhusu hadi asilimia 125, na hapo hata spika nzima inaweza kukwaruza.

Pili, anza na sauti ya chini, kisha ipandishe polepole. Mikwaruzo inayotokea tu sauti ikiwa kubwa, au pale besi inapopiga, inaelekeza kwenye spika. Inayokuja ovyo ovyo hata sauti ikiwa ndogo, na kuongezeka mashine inapokuwa na kazi nyingi, inaelekeza kwenye programu.

Tatu, chomeka hedifoni za waya kwenye tundu la duara. Usitumie za Bluetooth wala za USB, kwa sababu hizo haziipitii chipu ile ya sauti. Hedifoni zikikwaruza pia, spika haina hatia. Zikiwa safi, shaka inabaki kwa spika au amplifaya yake.

Nne, hamisha sauti upande mmoja mmoja, kushoto kisha kulia. Upande mmoja ukikoroma na mwingine ukiwa safi, kwa kawaida ni kifaa. Bonyeza taratibu kwa kiganja juu ya spika. Mkoromo ukibadilika, kuna kitu kimelegea ndani.

Tano, chomoa chaja. Mvumo ukikoma, tatizo liko kwenye chaja au umeme wa mahali hapo. Jaribu tena kwenye soketi nyingine kabla ya kutoa hukumu.

Sita, kipimo ambacho mimi hukiamini kuliko vyote: washa mashine kwa flashi yenye Ubuntu, ambayo hufanya kazi bila kugusa Windows iliyomo ndani. Spika zikikwaruza vilevile kwa wimbo uleule, karibu hakika ni kifaa. Zikiwa safi, ni programu. Hata hivyo, kwenye baadhi ya mashine mpya sana Ubuntu haitoi sauti kabisa. Ukimya huo usiuhesabu kuwa ushahidi.

Ikiwa ni programu

Usihangaike na lugha ya mashine. Zinazotoka Tanzania mara nyingi huja na Kiingereza, na za Bujumbura Kifaransa, lakini alama ya spika ni ileile, chini kulia. Ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua spika, kisha zima kila kinachodai kuboresha au kupamba sauti. Mara nyingi hapo ndipo mikwaruzo inapokoma. Jaribu pia kubadilisha kipimo cha sauti kati ya 44,100 na 48,000.

Isipopona, zima waifai kwa dakika tano huku wimbo ukiendelea. Mikwaruzo ikitoweka, umempata mhalifu: pakia draiva mpya ya waifai. Ikiendelea, pakia draiva ya sauti kutoka kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, ukitafuta kwa namba ya modeli iliyo chini ya mashine. Ipakue kwanza na uiweke kwenye flashi, ndipo uondoe ya zamani. Ipo pia programu ya bure iitwayo LatencyMon, ambayo huonyesha draiva inayoichelewesha prosesa.

Mlio mmoja tu, kila sauti inapoanza au kukoma, kwa kawaida hutokana na chipu kujizima ili kuokoa betri. Hauharibu kitu, na draiva mpya huweza kuuondoa.

Kazi ya kusasisha BIOS iache iwe ya mwisho. Umeme ukikatika katikati, mashine inaweza isiwake tena. Ifanye betri ikiwa imejaa na chaja ikiwa imechomekwa.

Ikiwa ni spika

Usifungue, wala usimruhusu fundi wa mtaani afungue, muda wa kurudisha ukiwa haujaisha. Skrubu iliyokwaruzwa au stika iliyochanwa humpa muuzaji sababu ya kukukatalia. Rekodi mikwaruzo hiyo kwa simu, kisha rudi dukani siku hiyo hiyo na mashine, chaja, boksi na risiti. Omba mashine nyingine, si kubadilishiwa spika, kwa maana umelipia kitu kipya. Ukipewa nyingine, ipime nayo. Muda huo ukiwa umeshapita, hapo ndipo fundi aitwe, na spika za laptopu ni vizuri zibadilishwe zote mbili kwa pamoja ili pande zisitofautiane.

Risiti na mpaka

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lakini waranti ya duka haivuki mpaka kwa sababu hiyo. Baadhi ya waranti hufanya kazi tu katika nchi mashine ilikouzwa. Muulize muuzaji waziwazi: ikiharibika nikiwa Muyinga au Makamba, nitaipeleka wapi? Akijibu kwa mdomo, mwombe aandike.

Risiti iwe na jina la duka, tarehe, modeli, namba ya mashine na siku za kurudisha. Linganisha namba ya kwenye risiti na ile iliyo chini ya mashine. Kama itabidi uirudishe ng'ambo kwa matengenezo, pita kwanza kwa maofisa wa forodha uwaonyeshe risiti na kuwaomba waandike kuwa mashine inatoka kwa matengenezo, ili siku ya kurudi isihesabiwe kuwa bidhaa mpya. Kumbuka pia kwamba hati rahisi ya uasilia, inayotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni ya bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Laptopu iliyotoka China haifunikwi na hati hiyo hata kama umeinunulia Kigoma.

Kwa wewe unayenunua tano au kumi ili uuze tena, pima kila moja, wala usipime moja kwa niaba ya nyingine. Robo saa kwa kila mashine ni muda mrefu kwa mtu anayewahi basi, nalijua hilo. Lakini mteja wako atakayekwaruziwa hatakwenda kulitafuta duka la ng'ambo, atakuja kwako. Na muuzaji asiyekubali uwashe mashine yake na kusikiliza wimbo mmoja hadi mwisho, mwachie mashine yake, uende duka la pili.