Bunduki ya shabaha: Gharama imo katika risasi

ANAYEAZIMIA kujifunza kulenga shabaha mjini Machakos hana budi kuanzia kwenye sheria, si dukani. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, hairuhusu raia kununua wala kumiliki bunduki au risasi bila cheti. Aidha, uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, hivyo silaha ya mazoezi haiwezi kugeuzwa ya kuwindia swara.

Bunduki hununuliwa mara moja, ilhali risasi hununuliwa kila mara. Ndiyo sababu kaliba ya .22, yenye kipenyo cha takriban milimita 5.6, huwafaa wengi: risasi zake ni rahisi kuliko za bunduki kubwa, mlio wake si mkali na haimsukumi mlengaji begani. Ndiyo pia inayotumika katika Olimpiki kwa shabaha ya mita 50. Kwa anayeanza, yafaa ile ya komeo, inayofyatua risasi moja moja.

Hata hivyo, udogo wake usimhadae mtu. Risasi hiyo huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na vilima vya Machakos vimejaa mashamba na makazi. Pahali pake ni uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, wenye kingo za udongo, wala si nyuma ya boma.