"Nzuri" au "Imelika"? Istilahi za Kiswahili katika Ukusanyaji na Upangaji wa Madaraja ya Sarafu za Fedha za Enzi ya Ukoloni

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna sarafu za fedha za enzi ya ukoloni katika Afrika Mashariki na Kati zinavyotambuliwa na kupangwa katika madaraja ya hali, na matatizo ya kiistilahi yanayojitokeza kazi hiyo inapofanywa kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba majina ya madaraja katika Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa ni maneno ya sifa. Yakitafsiriwa neno kwa neno humpotosha mmiliki, mhifadhi wa makumbusho na mshauri wa sera. Makala yanapendekeza ngazi inayojengwa juu ya kitenzi "kulika", ambacho hueleza kilichotokea kwa sarafu bila kuisifu wala kuikashifu. Mwisho, yanaonesha uhusiano wa suala hili na sheria za urithi.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, neno "fedha" hutaja madini na hutaja pia mali ya kununulia na kuuzia. Maneno mengine ya uwanja huo yamebeba historia ya eneo zima. "Pesa" linahusishwa na paisa, sarafu ndogo ya India. "Hela" limetokana na Heller, sarafu iliyoingizwa na utawala wa Wajerumani mwaka 1904 ulipoigawa rupia katika sehemu 100 badala ya pesa 64. "Sumni", jina la senti 50, lina asili ya neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane. "Faranga" ya Burundi na Rwanda ni kumbukumbu ya utawala wa Wabelgiji. Sarafu zenyewe zimeondoka sokoni, lakini majina yake yamo vinywani mwa watu hadi leo.

Sarafu zilizosalia zimo katika masanduku ya familia, maduka ya masonara, makusanyo ya watu binafsi na kabati za makumbusho. Mojawapo inapotolewa humo, maswali matatu huulizwa: ni sarafu gani, iko katika hali gani, na inastahili ulinzi wa aina gani. Swali la kwanza hujibika kwa Kiswahili bila taabu kubwa. La pili hujibiwa kwa maneno ya mkopo au kwa tafsiri sisisi, na kasoro hiyo huliathiri jibu la swali la tatu.

2.0 Sarafu zinazohusika

Sarafu kubwa ya fedha iliyotangulia utawala wa kikoloni katika pwani ni reale ya Maria Theresa. Ina uzito wa gramu 28.07 na usafi wa sehemu 833 kwa 1000. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, na sarafu zilizopigwa chapa baada yake ziliendelea kuandikwa mwaka huohuo, kwanza Austria na katika karne ya 20 hata Rome, London na Bombay.

Kundi la pili ni la rupia. Kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kuendesha shughuli katika eneo la Kenya ya leo ilitoa rupia yenye jina la Mombasa mwaka 1888. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilifuata mwaka 1890 kwa rupia yenye sura ya Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Upande wa pili una simba na mnazi. Rupia 2 za Kijerumani zilipigwa chapa miaka miwili tu, 1893 na 1894, na ndiyo sababu hutafutwa sana na wakusanyaji. Rupia ya Mombasa, ya Kijerumani na ya India zilikuwa na uzito uleule wa gramu 11.66 na usafi uleule wa sehemu 917 kwa 1000, jambo lililoziwezesha kutumika bega kwa bega.

Upande wa magharibi, Dola Huru ya Kongo ilitoa faranga za fedha kuanzia mwaka 1887. Faranga 5 ilikuwa na gramu 25 na usafi wa sehemu 900 kwa 1000, kama faranga 5 za Ubelgiji.

Kundi la mwisho ni la Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919. Florini ya mwaka 1920 ilikuwa na uzito wa rupia, yaani gramu 11.66, lakini usafi wake ulikuwa sehemu 500 tu. Shilingi iliyoanza mwaka 1921 ilikuwa na sehemu 250. Kufikia mwaka 1948 shilingi ilipigwa chapa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, bila fedha yoyote. Kwa hiyo, katika muda usiofika miaka 30, fedha ilitoweka katika sarafu ya mwananchi wa kawaida, ingawa katika mazungumzo sarafu hiyo iliendelea kuwa fedha.

3.0 Misingi ya upangaji wa madaraja

Kabla ya kutaja hali ya sarafu, mpangaji huhakikisha kwamba ni halisi. Hupima uzito na kipenyo, hukagua ukingo, na huijaribu kwa sumaku, kwa kuwa fedha hainaswi na sumaku. Kipimo kimoja hakitoshi. Mizani haiwezi kuitofautisha florini na rupia, na sumaku haiwezi kuitofautisha fedha na shaba. Uhakika hutokana na vipimo kukubaliana.

Hatua ya pili ni kukagua ulikaji. Sarafu hulika kwanza mahali palipoinuka zaidi. Katika rupia ya Kijerumani, jicho huelekezwa kwa tai aliye juu ya kofia, kisha kwa masharubu na shavu la Kaisari. Katika shilingi, hutazamwa taji na nyusi za mfalme upande mmoja, na manyoya ya shingo ya simba upande mwingine. Mng'ao wa asili nao huchunguzwa. Huu hutokana na chuma laini kusukumwa kwa nguvu ndani ya muhuri wa kupigia chapa. Ukishatoweka haurudishwi kwa kusugua.

Ngazi inayotawala soko la kimataifa ina namba 1 hadi 70. Ilichapishwa mwaka 1949 na Mmarekani William Sheldon kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake, naye alikusudia namba ilingane na bei, yaani sarafu ya daraja la 70 iwe na thamani mara 70 ya ile ya daraja la 1. Uwiano huo wa bei haukudumu, lakini namba zimebaki. Kampuni za Marekani za PCGS na NGC, zilizoanzishwa mwaka 1986 na 1987, huzitumia zinapofunga sarafu ndani ya vibweta vya plastiki pamoja na karatasi ya daraja. Mmiliki asiyepeleka sarafu yake huko hutegemea maneno, na hapo ndipo lugha inapoingia.

4.0 Matatizo ya tafsiri

4.1 "Nzuri" isiyo nzuri

Katika ngazi ya Waingereza, daraja ambalo jina lake ni "nzuri" ni la sarafu iliyolika sana, ambayo maumbo yake yamebaki kama kivuli. Jina hilo lilishuka thamani kadiri wafanyabiashara walivyoongeza maneno ya sifa juu yake. Kwa msomaji aliyezoea ngazi hiyo hakuna utata. Hata hivyo, mmiliki anayeambiwa kwa Kiswahili kwamba rupia ya babu yake ni "nzuri" huelewa amesifiwa, na bei ndogo inayofuata humwonekea kama dhuluma. Hali ya kinyume nayo huwezekana: mnunuzi huambiwa "nzuri" na mwuzaji anayesema Kiswahili cha kawaida, akadhani ameoneshwa sarafu ya daraja la chini.

Utata huzidi pale lugha mbili za kikoloni zinapokutana. Wajerumani huita daraja la kati *sehr schön*, na Wafaransa wana daraja liitwalo *très beau*. Yote mawili kwa Kiswahili ni "nzuri sana". Lakini daraja la Kifaransa liko ngazi moja chini ya lile la Kijerumani. Linalolingana na la Kijerumani ni *très très beau*. Mhifadhi wa Lubumbashi au Bujumbura anayetafsiri kutoka Kifaransa, na mwenzake wa Dar es Salaam anayetafsiri kutoka katalogi ya Kijerumani, wataandika maneno yaleyale kwa sarafu zenye hali tofauti. Rejista zao zikiunganishwa, kosa hilo halitaonekana, kwa sababu Kiswahili cha pande zote mbili ni sahihi.

4.2 "Safi" yenye maana tatu

Neno "safi" hutaja kiwango cha madini, hutaja kitu kisicho na uchafu, na hutumika kama neno la sifa. Katika sarafu maana hizo hugongana. Fedha hufanya weusi inapokutana na salfa iliyomo hewani, na utando huo, ukiwa sawasawa, hukubaliwa na wakusanyaji kuwa ushahidi kwamba uso wa sarafu haujaguswa. Mtu anayetaka kuuza huona weusi kuwa uchafu, akaisugua sarafu kwa majivu, ndimu au dawa ya meno ili iwe "safi". Usuguaji huondoa sehemu ya madini yenyewe na kuacha mikwaruzo midogo inayoonekana chini ya kioo cha kukuzia. Sarafu iliyosuguliwa hushuka thamani papo hapo, na hasara hiyo haina dawa. Neno moja lisilotenganishwa maana linaweza kumgharimu mmiliki kuliko miaka 100 ya sarafu kukaa sandukuni.

4.3 "Mwaka wa sarafu"

Rejista nyingi huwa na nafasi moja ya mwaka. Kwa reale nafasi hiyo haitoshi, kwa kuwa sarafu iliyoandikwa 1780 inaweza kuwa imepigwa chapa katika miaka ya 1930. Vilevile, riyali ya Sultani Barghash wa Zanzibar ina mwaka 1299 wa Hijria, unaoangukia 1881 na 1882 Miladia. Kuna haja ya istilahi mbili: "mwaka ulioandikwa" na "mwaka wa kupigwa chapa", pamoja na kutajwa kwa kalenda inayohusika.

5.0 Pendekezo la ngazi ya Kiswahili

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa. Kisu hulika, kizingiti hulika, na sarafu hulika. Kitenzi hiki hakisifu, hupokea vielezi vya kiwango kwa urahisi, na hueleweka kwa sonara na kwa profesa. Ngazi ifuatayo inapendekezwa:

(i) Haijatumika: mng'ao wote wa asili upo, na hakuna alama ya kupita mikononi.
(ii) Imeguswa: mng'ao umepungua juu ya sehemu zilizoinuka pekee.
(iii) Imelika kidogo: sehemu zilizoinuka zimelainika, lakini michoro midogo yote inasomeka.
(iv) Imelika kiasi: michoro midogo imepotea kwa sehemu, maumbo makuu yapo wazi.
(v) Imelika sana: maumbo yamebaki kama kivuli, ingawa maandishi husomeka.
(vi) Imefutika: aina ya sarafu hutambulika kwa shida.

Mambo yasiyotokana na matumizi ya kawaida huandikwa kando ya daraja: imesuguliwa, imekwaruzwa, imetobolewa, imetiwa kishikio. Utenganishaji huu una faida ya kitaaluma. Reale iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni hushuka bei kwa mkusanyaji, lakini kwa mwanahistoria tundu hilo ni ushahidi kwamba sarafu ilitumika kama pambo na akiba ya familia. Maneno "imegeuzwa pambo" huhifadhi ushahidi huo. Neno "mbovu" huufuta.

Kuhusu madini, inapendekezwa rejista ziepuke "sarafu ya fedha" peke yake na kuandika usafi kwa tarakimu, kwa mfano "fedha 917 kwa 1000" au "fedha 250 kwa 1000".

6.0 Athari za kisera na hitimisho

Istilahi hizi zina uzito wa kisheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 iliyoingia nchini kabla ya mpaka huo wa muda imo ndani yake. Shilingi ya mwaka 1921 haimo. Reale yenye maandishi ya 1780 haiwezi kuamuliwa kwa kutazama tarehe yake peke yake: ikiwa ilipigwa chapa Rome katika miaka ya 1930, tarehe hiyo haiipi ulinzi. Ofisa wa forodha mwenye fomu yenye nafasi moja ya "mwaka" anaweza kuzuia sarafu isiyohusika au kuiachia inayohusika, naye akawa ameijaza fomu kwa uaminifu.

Hatua tatu zinaweza kuchukuliwa bila kusubiri sheria mpya. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mabaraza ya Kiswahili ya nchi wanachama, ijadili na kusanifisha ngazi moja ya hali ya sarafu. Pili, makumbusho ya kanda yatenganishe katika rejista zao daraja, madhara, usafi wa madini na aina mbili za mwaka. Tatu, yatolewe maelezo mafupi kwa umma yenye onyo moja juu ya mengine yote: sarafu ya zamani isisuguliwe.

Hatua hii ya tatu ndiyo yenye haraka zaidi. Rejista yenye makosa inaweza kusahihishwa mwaka wowote, bali uso wa sarafu uliosuguliwa haurudi. Mwenye sarafu akipata maneno ya kueleza alichonacho, ataweza kuuza bila kupunjwa, au kuamua kutouza kabisa.